Risasi za Wendell

Jumatatu, 11 Agosti 1997

Wendell Kautz alifika asubuhi akipiga honi tangu kwenye geti. Nilidhani ng'ombe wake wametoka tena. Aliteremka kwenye pikapu akipunga bahasha ya idara ya wanyamapori kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nimepata, mzee. Musi dume. Bonde la juu."

Huyo ni kulungu mkubwa kuliko farasi, na kibali cha kumwinda hutolewa kwa bahati nasibu. Wendell amekuwa akijaribu bahati hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wapo waliokufa wakiingoja.

"Msimu unafunguliwa tarehe kumi na tano Septemba," akasema. "Risasi utanipakia wewe."

"Nani mwingine?"

"Ndiyo nasema."

Huku kwetu mtu hapigi risasi iliyopakiwa nyumbani na mtu mwingine, yaani ganda lililokwisha kupigwa likajazwa baruti upya. Baba zetu walitufundisha hivyo kabla ya kutufundisha kuendesha gari. Ukipiga baruti uliyopimiwa na mwenzako umemkabidhi macho yako na vidole vyako. Wendell ameivunja sheria hiyo kwa ajili yangu peke yangu tangu tukiwa vijana, na hajawahi kunishukuru. Angenishukuru, ningejua ana wasiwasi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesafisha meza ya kazi kwenye chumba cha chini ya nyumba. Maganda ya Wendell nimeyaosha, nimeyanyoosha midomo, nimeyatia fataki mpya za kuwashia baruti. Imebaki baruti, na baruti ndiyo kazi yenyewe. Hayo mengine ni maandalizi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeanza. Baruti unaimwaga kwenye pipa dogo la kipimio, unainua mpini, ngoma ya ndani inajaa, unateremsha mpini, kiasi kilekile kinaangukia kisahani. Unapeleka kisahani kwenye mizani. Ukiwa na mkono mmoja kila mara, juu kwa mwendo uleule na chini kwa mwendo uleule, mizani haina la kukuambia.

Leo imeniambia mengi. Kiasi cha kwanza sawa. Cha pili juu kwa tatu ya kumi ya greni. Cha tatu juu kwa nne. Cha nne sawa. Cha tano juu tena. Greni ni kitu kidogo, chumvi unayobana kwa vidole viwili ina greni kadhaa, lakini mimi nimezoea kwenda viasi kumi bila sindano kusogea unene wa unywele.

Mvua ilinyesha asubuhi. Nadhani baruti imevuta unyevu.

Ijumaa, 15 Agosti

Jua kali, hewa kavu. Mambo ni yaleyale.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nilikula kwa akina Kautz, kama kila Jumapili. Verla, mke wa Wendell, alipika kuku na pai ya tufaha. Wendell alisimulia habari ya musi ambaye bado hajamwona, na kadiri alivyokula ndivyo pembe zilivyozidi kupanuka.

"Ukimaliza pai atakuwa hapiti mlangoni," nikamwambia.

"Tutabomoa ukuta. Verla, tunabomoa ukuta upi?"

"Ule wa upande wako wa kitanda," Verla akasema.

Alileta kahawa. Ya Wendell ilijaa hadi ukingoni. Yangu ilikuwa nusu kikombe. Imekuwa nusu kwa miezi sasa. Nilitazama birika lilivyorudishwa jikoni na lilikuwa zito. Mtu hukaribishwa miaka, halafu siku moja huanza kupimiwa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeikagua mizani kwa mawe yake ya kupimia. Ni kweli tupu. Nimefunga dirisha kwa sababu upepo mwembamba ukipita juu ya kisahani unaweza kukidanganya. Nimezima feni. Nimefuta pipa la kipimio kwa kitambaa ili baruti isinate ukutani kwa umeme wa msuguano. Nimepima viasi kumi.

Vitatu sawa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimenunua kopo jipya la baruti ya aina ileile. Kijana wa dukani akaniuliza kama la zamani lina tatizo. Nikamwambia ni la zamani tu.

Jioni nikajaribu. Tatizo halimo kwenye kopo.

Jumatatu, 25 Agosti

Mavuno ya ngano yamepamba moto. Ungenitazama ungesema mimi ni mzee aliyeketi barazani tu. Kwa kweli nilikuwa nasubiri malori. Miaka yangu yote ya kazi nimekaa kwenye mizani ya ghala la ushirika, kila lori linapanda juu ya daraja la kupimia, mimi naandika, dereva anauliza habari za mama yangu, nami namuuliza za mvua. Mwezi wa nane ulikuwa na watu wengi kuliko Krismasi. Ghala lilipofungwa malori yakahamia barabara ya mjini. Leo limepita moja, nalo lilikuwa limepotea njia.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeacha kukiamini kipimio. Sasa napima kila risasi peke yake: namwaga kiasi pungufu, kisha nazungusha kikombe kidogo chenye mrija ili punje zidondoke mojamoja hadi sindano isimame. Ni kazi ya polepole. Zamani ningeona aibu kwa polepole hii.

Nilipakia chache za majaribio, nikaenda kupiga kwenye malisho ya Wendell, pale alipojenga ukuta wa udongo. Akasimama nyuma yangu na darubini, akitafuna jani.

"Juu kidogo," akasema.

Nikapiga.

"Chini."

Nikapiga.

"Juu. Orval, unachora ngazi?"

"Kuna upepo."

"Upepo huu unaupata wapi? Hata mkia wa farasi hautikisiki."

Nilikusanya maganda nikaondoka. Aliniita nirudi ninywe kitu. Nikasema nina kazi. Wendell anapenda sana kusikia sauti yake.

Jumamosi, 30 Agosti

Sikupakia. Sikuongea na mtu.

Jumapili, 31 Agosti

Kahawa nusu kikombe. Verla aliuliza kama naongeza, nikasema hapana. Alikuwa anatazama mikono yangu, si uso. Nimechunguza kucha zangu niliporudi nyumbani. Ni safi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nataka kuandika hili kwa utaratibu wake.

Asubuhi nilivua soksi nikaona chengachenga nyeusi zimenasa kwenye sufu. Nilidhani ni udongo. Nikazisugua kati ya vidole. Ilikuwa baruti. Nikashuka chini na tochi nikamulika sakafu karibu na kiti changu. Kulikuwa na baruti pale, nyembamba, kama mtu aliyenyunyiza pilipili. Mbele ya kile kibao chenye matundu ninachosimamishia maganda kulikuwa na baruti zaidi.

Kwa hiyo nilikuwa napima sawa. Mizani ilikuwa inasema sawa na ilikuwa kweli. Kisha kati ya mizani na mdomo wa ganda, safari isiyofika hata urefu wa mkono, nilikuwa naimwaga.

Nikajaza kisahani nikakiinua juu ya karatasi nyeupe, nikakitazama. Nilikishika jinsi ninavyokishika siku zote. Baruti ndani yake ilikuwa inacheza. Ilikuwa inacheza kama nafaka kwenye bodi ya lori wakati injini inanguruma. Na hapakuwa na injini.

Nikabadili mkono. Wa kushoto nao vilevile, afadhali kidogo.

Nikarudi kwenye kipimio, nikashika mpini na kuuinua, safari hii nikiutazama mkono badala ya sindano. Kila nikifika juu, mkono ulikuwa unaupigapiga mpini kwenye kituo chake, tiktiktiktik, kwa haraka na kwa upole. Kila mtu aliyefanya kazi ghalani anajua kinachotokea ukitikisa debe la ngano. Ngano inashuka, inashikana, debe linameza zaidi. Ngoma ilikuwa inameza zaidi. Siku ambazo mkono ulitulia kidogo, kiasi kilikuwa sawa. Siku nyingine nilikuwa nashindilia baruti bila kujua.

Nimeilaumu mvua, jua, dirisha, feni, kopo na kijana wa dukani.

Mama yangu alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili. Nilikua nikiamini ni adabu ya kwao Norwei.

Ijumaa, 5 Septemba

Joto. Hakuna lolote.

Jumatatu, 8 Septemba

Kliniki. Daktari ni msichana mpole. Alinipa karatasi akaniambia nichore mduara unaojizungusha kama konokono. Nilichora. Tuliutazama wote wawili.

"Mzee, kuna mtu wa familia aliyekuwa na hali hii?"

"Mama."

"Ni ya kurithi. Si ule ugonjwa mbaya wa ubongo unaouogopa. Mikono inatetemeka inapofanya kazi, ikipumzika inatulia. Haitakuua."

"Itapona?"

"Haitakuua," akarudia, na nikaelewa.

Kuna vidonge. Vinaweza kusaidia kidogo, vinaweza kusinzisha. Akaniuliza naishi na nani. Nikasema niko karibu na mji.

Jumatano, 10 Septemba

Nimezipakia risasi za Wendell. Nilianza baada ya chai ya asubuhi nikamaliza jua likienda. Nilimeza kidonge. Nilifunga kiwiko cha kulia kwenye mkono wa kiti kwa mkanda wa suruali. Nilitumia faneli yenye mdomo mpana. Kila ganda nililijaza, nikalimulika kwa tochi, nikaenda kwa linalofuata.

Karibu na mwisho kiwiko kilichomoka, nikagonga kile kibao. Maganda yaliyumba, mengine yaliegemea wenzake, hakuna lililoanguka. Nikayasimamisha. Nikayamulika tena nikaona baruti ndani ya kila moja. Nikaweka vichwa vya risasi, nikashindilia, nikayapanga kwenye boksi lao na kuandika W juu yake.

Ndipo nilipoinua kile kibao kufuta meza. Chini yake kulikuwa na baruti ya kutosha kujaza kijiko cha chai.

Sijui imetoka kwenye ganda lipi. Huenda kidogo kidogo kutoka mengi. Huenda nyingi kutoka moja. Kupima risasi iliyokwisha kufungwa hakusaidii, kwa sababu maganda yenyewe yanapishana uzito. Risasi yenye baruti pungufu sana inaweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo. Mwenye bunduki anasikia mlio mdogo, anadhani fataki ni mbovu, anaingiza nyingine na kupiga. Mtutu unapasuka mbele ya uso wake.

Jumamosi nitazivunja zote. Leo mikono imechoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Niliondoka asubuhi kwenda mji mkubwa kutafuta vichwa vipya vya risasi, maana risasi zikivunjwa, vichwa vingine huharibika. Nilirudi saa tisa alasiri.

Boksi halipo.

Mahali pake kulikuwa na chupa ya jamu ya plamu, mwandiko wa Verla kwenye kifuniko.

Nilisimama pale nikiitazama jamu. Miaka yote hii risasi za Wendell zikiwa tayari naziweka kwenye rafu iliyo karibu na mlango wa chini, naye huja kuzichukua mwenyewe bila kubisha, kwa sababu hakuna anayefunga mlango huku. Jumatano mkono wangu uliliweka boksi pale. Sikuuamuru. Ni kitu pekee ambacho mkono huo bado unakifanya bila kosa.

Nimepiga simu kwao. Haipokelewi. Wamekwenda kambini, siku tatu kabla ya kufunguliwa msimu, nami nilidhani wangeondoka Jumapili. Na kambini kabla ya siku ya kwanza Wendell hulenga chupa ili kuhakikisha bunduki haikugongwa njiani.

Nimempigia pia mlinzi wa kituo cha msitu. Ameahidi kwamba akipita huko atawaambia. Njia ya juu imechimbwa mashimo na mafuriko ya Juni, na gari langu halina taa moja ya mbele. Naondoka kukipambazuka.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi. Naandika haya mezani jikoni na mwandiko utausamehe mwenyewe.

Barabara ilinichukua asubuhi nzima. Kwenye kivuko cha pili nilizima injini ili ipoe, na katika ukimya ule nikasikia mlio wa bunduki juu bondeni. Mmoja. Nikangoja wa pili. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Wa pili haukuja, na sikujua kama ni kheri au shari.

Niliikuta trela yao kando ya kijito. Verla alikuwa anakatakata viazi. Wendell alikuwa ameketi kwenye kigogo, bunduki imelala mapajani, boksi lenye W liko wazi pembeni yake.

"Tazama nani," akasema. "Ameifuata harufu ya kahawa hadi—"

"Umepiga?"

"Habari za safari kwanza, bwana."

"Wendell. Umepiga?"

Akanitazama vizuri. "Sijapiga. Huyo ni mtu wa kambi ya chini, ana bunduki mpya na hana subira. Mimi Verla kanikataza nisipige kabla ya kula."

"Akipiga karibu, vumbi linaingia kwenye viazi vyangu," Verla akasema, lakini alikuwa ameacha kukata.

Nilikaa chini. Nililichukua boksi nikalifunga nikalishika kwa mikono miwili, nalo likaanza kugongagonga, risasi zote ndani zikilia kama meno. Hapakuwa na haja ya hotuba. Hata hivyo niliitoa. Niliwaambia kuhusu kipimio, soksi, konokono wa daktari, kiwiko, baruti chini ya kibao. Nikamwambia kwamba moja kati ya hizi ingeweza kumpofusha, na sijui ni ipi.

Wendell hakutania. Hilo lilinitisha kuliko yote.

"Nilijua mikono inatetemeka," akasema mwishowe. "Si baruti. Mikono."

"Tangu lini?"

"Pasaka," akasema Verla. "Ulimwagia kitambaa changu cha meza, ukasema kiti kinayumba. Wendell akaenda kukikagua kiti."

"Ni kiti kizuri," Wendell akasema.

"Tangu siku hiyo nakumiminia nusu, shemeji. Nusu haimwagiki."

Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. "Kwa hiyo mlijua. Mkaniacha nikupakie risasi."

"Ningekwambia nini?" Wendell akauliza. "Kwamba naenda kununua za dukani? Ungeketi kwenye ile nyumba yako peke yako ukifanya nini? Nilijiambia mikono inatetemeka kwa kahawa, kwa baruti itatulia. Mtu hujiambia mambo."

"Ungekufa."

"Basi ungenisikia nikilalamika hadi kanisani."

Verla aliinuka akaingia ndani ya trela akafunga mlango kwa nguvu. Alikuwa amekasirika kweli, na si mimi peke yangu aliyekuwa amemkasirikia. Tulikaa tukitazama kijito. Baadaye Wendell akasema twende nyumbani, msimu ni mrefu, musi hana kalenda.

Jumapili, 14 Septemba

Hatukwenda ibadani. Wendell aliteremka chini ya nyumba yangu, mahali ambapo kwa miaka yote hii amekuwa akifika mlangoni tu, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia jikoni kwa mama mkwe.

Risasi unaivunja kwa nyundo maalumu yenye shimo. Unaiweka ndani, unagonga sakafu, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika pembeni salama. Kugonga ninaweza. Niligonga, yeye alimwaga baruti ya kila moja kisahanini, nami nikasoma mizani. Pungufu kidogo. Pungufu kidogo. Sawa. Pungufu kidogo. Tulipokaribia mwisho alimwaga moja na kikatoka kitu kisichofunika hata kitako cha kisahani. Alikung'uta ganda. Hakuna zaidi.

"Hii ilikuwa yangu," akasema.

"Ilikuwa yako."

Alikimwaga kisahani kwenye mkebe pamoja na baruti nyingine, akapangusa kidole chake kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Nifundishe."

"Hujawahi kupakia hata moja."

"Nimekamua ng'ombe kwa mkono tangu nikiwa na miaka sita hadi tuliponunua mashine. Mnyama huyo ukibadilisha mwendo anakupiga teke. Mpini wako una teke?"

Nilimwonyesha. Juu, pumzika, chini, pumzika. Kiasi cha kwanza alikipeleka kwa pupa, kikazidi. Cha pili kilipungua. Kisha akavuta kiti, akakiegemeza kichwa chake ukutani kana kwamba ukuta ni ubavu wa ng'ombe, akafumba macho. Juu, pumzika. Chini, pumzika. Nilikuwa nasoma na kunyamaza. Sawa. Sawa. Sawa. Juu kwa moja ya kumi. Sawa. Mikono ile ni minene kama viatu, kidole kimoja hakina ncha, nayo ilikuwa imetulia kama jiwe la mizani.

"Vipi?" akauliza bila kufumbua macho.

"Si mbaya."

"Si mbaya kiasi gani?"

"Endelea kukamua."

Yeye alipima na kumimina, mimi nilisoma na kumulika kila ganda kwa tochi. Macho yangu bado mazima. Tulipomaliza akaandika W kwenye boksi, akasita.

"Sasa hizi ni za nani? Kama nimezipakia mimi, wewe huwezi kuzipiga. Sheria."

"Sina kibali cha musi."

"Naongelea kulungu wako wa kawaida mwezi ujao. Bunduki yako itakula nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Au nilikuwa nimelifikiria nikaliweka mahali.

Jumatatu, 15 Septemba

Msimu umefunguliwa. Wamepanda tena. Niko nyumbani.

Jumapili, 21 Septemba

Ibada. Verla yuko kambini naye, kwa hiyo nimekula mayai. Jamu ya plamu ni nzuri. Niliishika chupa mara mbili kabla ya kuifungua.

Jumatano, 1 Oktoba

Baridi ya kwanza imechoma nyasi. Kidonge kinanisinzisha, nimekipunguza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Theluji. Hakuna gari lililopita.

Jumamosi, 11 Oktoba

Walinipitia juzi wakanilazimisha kupanda nao. Leo asubuhi tulimwona akivuka kijito, maji yakifika tumboni, pembe zimebeba majani ya majini kama kofia ya harusi. Wendell alilala nyuma ya gogo. Nilikuwa kando yake na darubini, nikiilaza juu ya jiwe ili isicheze. Alichukua muda mrefu. Nilijua anachofikiri, kwa sababu mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho: kisahani kisichofunikwa kitako.

Mlio ulikuwa mzima, mkubwa, wa kawaida.

Musi alipiga hatua chache akaketi, kama mzee anayetafuta kiti. Hakuhitaji ya pili. Wendell alibaki amelala, paji la uso juu ya mkono.

"Pale pale?" akauliza.

"Pale pale."

"Sikufumbua macho," akasema. Ni uongo, lakini nilimwachia.

Tumechuna na kubeba hadi giza. Mimi nilibeba, kubeba hakutetemeki.

Jumapili, 26 Oktoba

Msimu wa kulungu wa kawaida umefunguliwa. Wendell alifika na boksi lenye O juu yake, mwandiko mbaya. Alizipima Alhamisi na Ijumaa, mimi nikisoma. Nilipoingiza ya kwanza kwenye bunduki nilikaa nayo kidogo. Sijawahi maishani kupiga baruti ya mtu mwingine. Nilimtazama. Alikuwa anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nililaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga. Nilikosa kulungu kabisa. Kosa lilikuwa langu, si la risasi. Nimemwambia hivyo, naye amefurahi kuliko kama ningempata.

Jumanne, 11 Novemba

Upepo tu. Nyumba inalia.

Alhamisi, 20 Novemba

Wendell hawezi kuomba tena kibali cha musi kwa miaka saba. Kulungu wake amekwisha kumpata. Risasi alizonazo zinamtosha hadi uzeeni, ambako tayari tumo. Kwa hiyo alipogonga mlango leo, na aligonga, nilimuuliza amefuata nini.

"Kupakia."

"Kupakia nini?"

"Chochote. Verla anafagia na kila ninapokaa ndipo uchafu ulipo."

Tulishuka. Akafumba macho, akaegemea ukuta. Juu, pumzika. Chini, pumzika. Nilisoma, sawa, sawa, sawa. Sikumwambia ni mara ngapi mfululizo. Angeringa mwaka mzima.

Tulipopanda juu nikapika kahawa. Hajawahi kunywa kahawa kwangu, siku zote mimi ndiye mgeni. Nililiinua birika kwa mikono yote miwili, nikalisogeza juu ya kikombe chake. Lilikuwa limejaa na likaanza kucheza, mdomo wake ukigonga kikombe, tiktiktik. Nilimimina taratibu. Nikasimama pale nilipoweza kusimama bila kumwaga.

Akakichungulia kikombe. Nusu.

"Shemeji yako amekuambukiza ubahili," akasema, akanywa.